Bastola Ndani ya Mkate: Kubeba Silaha na Kujifunza Shabaha katika *Mzalendo Kimathi*

1.0 Utangulizi

Tangu ilipochapishwa mwaka 1976, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi imehakikiwa kwa njia kuu mbili. Njia ya kwanza huisoma kama jibu kwa historia iliyoandikwa na mkoloni, na pia kwa tamthilia ya Kenneth Watene, *Dedan Kimathi* (1974), ambayo ilimchora shujaa huyo kama kiongozi aliyetawaliwa na shaka. Njia ya pili huichunguza fani yake: jukwaa lisilofungwa na mipaka ya wakati, nyimbo na ngoma, na mpangilio wa miondoko mitatu badala ya matendo na maonyesho ya kawaida. Njia zote mbili zina manufaa yake. Hata hivyo, kuna kitu kimoja kinachoiandama tamthilia hii tangu shtaka linaposomwa hadi taa zinapozimika, nacho hakijapewa uzito unaokistahili. Kitu hicho ni bastola.

Makala haya yanakusudia kuichunguza bastola hiyo kwa kurejelea tafsiri ya Kiswahili ya Raphael Kahaso, *Mzalendo Kimathi* (1978). Hoja kuu ni kwamba tamthilia hii imejengwa juu ya tendo la kubeba silaha ndogo kwa siri, na kwamba imelieleza tendo hilo kwa ustadi mkubwa. Lakini imelinyamazia tendo la pili ambalo lazima lifuatane na la kwanza, yaani tendo la kujifunza kuitumia silaha hiyo. Ukimya huo si jambo dogo la kiufundi. Unagusa swali zito la kiitikadi: je, mwamko wa kisiasa peke yake unatosha kumwezesha mnyonge kumkabili mwenye nguvu? Ili kulijibu swali hilo, makala yataulinganisha msimamo wa *Mzalendo Kimathi* na ule wa *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein (1969).

2.0 Bastola ya Mahakamani

Ni vyema kuanza na historia, kwa kuwa waandishi wenyewe wameanza nayo. Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956 katika wilaya ya Nyeri. Alishtakiwa mbele ya Jaji Mkuu wa Koloni, Kenneth O'Connor, na akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Jambo la kuzingatiwa ni shtaka lenyewe. Kimathi hakushtakiwa kwa kuua, wala kwa kuongoza vita, wala kwa uhaini. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola aina ya Webley bila kibali, pamoja na risasi zake. Chini ya kanuni za Hali ya Hatari iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, kosa hilo lilitosha kumpeleka mtu kitanzini. Waafrika zaidi ya 1,000 walinyongwa katika kipindi hicho, na wengi miongoni mwao walihukumiwa kwa makosa ya aina hii: kukutwa na silaha, kukutwa na risasi, au kukutwa pamoja na wenye silaha.

Sheria hiyo ina mantiki yake, nayo inamhusu sana mhakiki wa fasihi. Ilihesabu kubeba kuwa sawa na kuua. Mkono ulioishika bastola ulikuwa tayari umekwisha hukumiwa hata kama haukuwahi kuifyatua. Kwa mkoloni, bastola katika kiuno cha mlowezi ilikuwa sehemu ya mavazi yake ya kila siku. Bastola hiyo hiyo ikihamia mfukoni mwa Mwafrika iligeuka kuwa hati ya kifo. Ngũgĩ na Mugo waliuona mkingamo huo na kuuweka mwanzoni kabisa mwa tamthilia. Shtaka linasomwa, na mshtakiwa ananyamaza. Kunyamaza huko ni kukataa kuitambua mahakama inayomhukumu mtu kwa kubeba kile ambacho hakimu mwenyewe na walinzi wake wanakibeba hadharani.

Inafaa kukumbuka kwamba kumbukumbu za kesi yenyewe hazikuwa mikononi mwa waandishi walipokuwa wakitunga. Hati hizo zilichapishwa mwaka 2017 katika kitabu kilichohaririwa na Julie MacArthur. Tamthilia basi haikunakili mahakama, bali iliibuni upya, na katika ubunifu huo shtaka la bastola ndilo lililosalia karibu sana na ukweli wa kihistoria. Tofauti yake na kumbukumbu ya umma wa baadaye ni kubwa. Sanamu ya Kimathi iliyozinduliwa jijini Nairobi tarehe 18 Februari 2007 inamwonyesha akiwa na bunduki ndefu mkono mmoja na jambia mkono wa pili. Bastola iliyomnyonga haionekani pale. Taifa limependa silaha inayoonekana kutoka mbali. Tamthilia ilikuwa imechagua ile inayofichika.

3.0 Bastola Ndani ya Mkate

Kufichika ndiko kunakoupa msuko wa tamthilia nguvu yake. Sambamba na kesi, kuna safari. Mwanamke anasafirisha bastola iliyofichwa ndani ya mkate. Askari Mzungu anamsimamisha njiani. Anajinasua kwa werevu, kwa kuigiza udhaifu ambao askari huyo anatarajia kuuona kwa mwanamke Mwafrika. Kisha anawakuta Mvulana na Msichana wakigombania pesa walizopewa na Mzungu. Anamkanya Mvulana na hatimaye anamkabidhi mkate aupeleke mjini kwa muuza matunda. Tangu hapo bastola inapita mikononi mwa vijana wawili wasio na kwao, wasio na elimu, na ambao hadi dakika hiyo hawakuwa na shabaha yoyote maishani ila kupata riziki ya siku.

Uteuzi wa mkate una maana kadhaa zinazofungamana. Kwanza, ni jambo la uhalisi. Bunduki haiwezi kutoshea katika mkate. Bastola ndogo inatosha. Umbo la silaha ndilo linaloamua umbo la hadithi. Silaha ndefu ingehitaji msitu, kikosi na usiku. Silaha fupi inaweza kupita sokoni mchana kweupe, katika kikapu cha mama anayekwenda zake. Pili, mkate ni chakula, na vita vya Mau Mau vilikuwa vita vya ardhi, yaani vita vya chakula. Anayeumega mkate huu anakuta ndani yake sababu ya njaa na pia dawa yake. Tatu, waandishi wanaichukua ishara ya mkate mtakatifu wa Kanisa na kuigeuza. Kasisi ni miongoni mwa wanaomwendea Kimathi katika majaribu yake kizuizini, akimshawishi aache mapambano. Nje ya gereza, mkate mwingine kabisa unasafiri kuelekea mahakamani.

Nne, na hili ni muhimu zaidi, mkate unaitoa silaha katika himaya ya wanaume. Historia ya Mau Mau inathibitisha kwamba wanawake ndio waliokuwa mishipa ya vita: walipeleka chakula, habari, dawa na risasi msituni, na Wambui Otieno ameeleza katika tawasifu yake ya mwaka 1998 jinsi kazi ya upelelezi na usafirishaji ilivyokuwa mikononi mwa wanawake wa mjini. Kwa kumfanya Mwanamke kuwa mbebaji, tamthilia inatambua kwamba kubeba si kazi ya pembeni. Anayebeba yuko katika hatari ile ile ya kitanzi aliyokabiliwa nayo Kimathi, kwa kuwa sheria, kama ilivyokwisha elezwa, haikumtofautisha na anayefyatua. Kwa hiyo Mwanamke anapotembea na kikapu chake anairudia kesi ya Kimathi kwa miguu. Kila hatua yake ni shtaka ambalo bado halijasomwa.

Mvulana na Msichana nao wanabadilika kwa sababu ya uzito wanaoubeba. Msichana, ambaye alikuwa akimkimbia Mvulana, anafikia mahali pa kusimama na kukataa kukimbia tena. Mvulana, ambaye alijiona mwanamume kwa kumwonea msichana, anagundua maana nyingine ya uanaume. Hapa tamthilia inafaulu sana. Silaha haiwafunzi ukatili, inawafunza uwajibikaji. Kabla ya kumdhuru adui yeyote, bastola iliyomo mkatani imekwisha komesha ugomvi wa wanyonge wawili.

4.0 Somo Lisilofundishwa

Pamoja na sifa hizo, pana pengo. Katika safari yote hiyo hakuna mtu anayemfundisha Mvulana wala Msichana jinsi ya kuitumia bastola. Mwishoni, hukumu ya kifo inapokwisha tolewa na Mwanamke amekamatwa, vijana wanasimama mahakamani na silaha mikononi. Ghasia inazuka, mlio wa risasi unasikika, giza linatanda kwa muda mfupi, kisha jukwaa linajaa wafanyakazi na wakulima wanaoimba, na vijana hao wamo katikati yao. Risasi imelenga nini? Imempata nani? Tamthilia haisemi, na giza linaziba swali.

Msomaji asiyewahi kushika bastola anaweza kudhani kwamba swali hilo ni la kitoto. Silaha ndogo huonekana rahisi kwa sababu ni ndogo. Ukweli ni kinyume chake. Bastola fupi ndiyo ngumu kuliko silaha zote za moto kuitumia kwa usahihi. Mtutu wake ni mfupi, kwa hiyo umbali kati ya alama ya nyuma na ya mbele ambazo jicho huzilinganisha wakati wa kulenga ni mdogo. Ikiwa umbali huo ni sentimita 10, mkono ukipotoka milimita moja tu, risasi itapotoka sentimita 10 nzima kwa shabaha iliyo mita 10 mbele. Katika bastola ya silinda inayozunguka, kama ile Webley, kidole kinapovuta kifyatulio bila nyundo kurudishwa kwanza, kinafanya kazi mbili kwa mpigo: kinaizungusha silinda na kuinua nyundo. Mvuto huo ni mrefu na mzito, na mwanagenzi aghalabu huuvuta mkono mzima pamoja na kidole, mtutu ukainama kabla ya risasi kutoka. Aidha, mlio na mrusho wa kwanza humfanya afumbe macho kabla ya risasi ya pili. Ndiyo maana wakufunzi huanza na silaha tupu, mwanafunzi akivuta kifyatulio mara nyingi bila risasi hadi mkono uzoee kutulia, na ndipo wakampa risasi halisi, chache chache.

Katika mazingira ya Mau Mau, risasi chache ndizo hasa zilizokosekana. Wapiganaji wengi walitumia bunduki za kujitengenezea: mtutu wa bomba la maji, komeo la mlango, na mpira wa tairi wa kulivuta komeo hilo. Silaha hizo mara nyingine ziliwalipukia wenyewe. Risasi moja iliweza kugharimu uhai wa mwanamke aliyeibeba. Nani angeithubutu kuipoteza kwa mazoezi? Waliojua kulenga vizuri walijifunza mahali pengine. Waruhiu Itote, aliyeitwa Jenerali China, ameeleza katika *'Mau Mau' General* (1967) kwamba alikuwa askari wa K.A.R. na alipigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Kwa maneno mengine, shule ya shabaha ya wapigania uhuru ilikuwa jeshi la mkoloni. Kejeli hiyo ni ya ajabu: Mwingereza alimfundisha Mwafrika kulenga alipohitaji mauti ya Mjapani, kisha akamnyonga Mwafrika aliyekutwa na silaha alipohitaji ardhi yake mwenyewe.

Hapa ndipo ukimya wa tamthilia unapodhuru. Kejeli hiyo ilikuwa nyenzo tayari ya kidrama, na waandishi wenye jicho kali la kihistoria kama hawa wangeweza kuitumia. Onyesho moja fupi ambamo Mwanamke anamwonyesha Msichana jinsi ya kukituliza kidole lingetosha. Lingemthibitishia msomaji kwamba ujuzi nao hurithishwa, kwamba nao una gharama, na kwamba mwanamke anaweza kuwa mkufunzi na si mbebaji tu. Badala yake, ujuzi umerukwa. Vijana wanapokea silaha, wanapokea mwamko, na inachukuliwa kwamba shabaha itajileta yenyewe. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Katika tamthilia hii cha mvunguni kimepatikana bila mgongo kupinda.

5.0 Maji na Risasi

Uzito wa pengo hilo hudhihirika *Mzalendo Kimathi* inapowekwa kando ya *Kinjeketile*. Hussein anaandika kuhusu Vita vya Maji Maji (1905-1907), na suala lake kuu ni lile lile: watu wasio na silaha za kutosha watawezaje kumkabili mwenye bunduki? Jibu la kwanza ni maji. Maji yanawaunganisha watu waliokuwa wametengana na kuwaondolea hofu. Lakini Kinjeketile mwenyewe anaingiwa na shaka. Anataka vita visubiri hadi watu wawe tayari. Watu, waliokwisha lewa imani, hawataki kusubiri. Wanakwenda vitani wakiamini kwamba risasi itageuka maji, na risasi haigeuki.

Ubora wa Hussein ni kwamba hakulidharau neno la maji wala hakulitukuza. Alionyesha kwamba imani inaweza kuwa chanzo cha umoja na wakati huo huo chanzo cha maangamizi, hasa inapochukua nafasi ya maandalizi. Kinjeketile anapokataa mwishoni kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, anajua vizuri gharama ya pande zote mbili. Msomaji anaachiwa mzigo wa kuamua.

Katika *Mzalendo Kimathi* mzigo huo umepunguzwa. Bastola ya mkatani inaelekea kuwa maji mengine. Inapita kutoka mkono hadi mkono, inawaunganisha waliogawanyika, inawaondolea hofu, na katika saa ya mwisho inatarajiwa kutenda kazi kwa nguvu ya imani ya aliyeishika. Tofauti ni kwamba Hussein aliruhusu majaribio ya maji hayo yafanyike mbele ya hadhira na kushindwa. Ngũgĩ na Mugo walizima taa. Hili halimaanishi kwamba tamthilia yao ni duni. Maana yake ni kwamba imelikwepa swali ambalo tamthilia tangulizi ya Kiswahili ilikuwa imeliuliza waziwazi miaka saba kabla yake.

6.0 Pingamizi Mbili

Pingamizi mbili zinaweza kutolewa dhidi ya hoja hii. Ya kwanza ni ya kifani. Tamthilia hii si ya uhalisi mtupu, na bastola yake ni ishara. Kumdai mwandishi aeleze kifyatulio ni sawa na kumdai mshairi vipimo vya mawimbi. Pingamizi hili lina ukweli. Mlio wa mwisho si wa risasi moja, bali wa historia inayoendelea, na waimbaji wanaoibuka kutoka gizani ni ushahidi kwamba Kimathi hakufa. Ngũgĩ mwenyewe aliendelea kuupenda mnasaba wa silaha na maandishi, kiasi cha kukiita kitabu chake cha insha cha mwaka 1983 kwa jina linaloupa mtutu kalamu. Lakini ishara hupata nguvu zake kutoka kwa kitu kinachoiwakilisha. Waandishi walijali sana uhalisi wa kubeba: ukubwa wa silaha, kikapu, ukaguzi wa askari, mpokeaji anayengoja mjini. Ikiwa kubeba kulistahili uhalisi, ni kwa nini kufyatua kusistahili?

Pingamizi la pili ni la kiitikadi. Linasema kwamba tamthilia inaonyesha elimu nyingine iliyo kuu kuliko ya shabaha, yaani elimu ya kumtambua adui. Kimathi anajaribiwa mara nne: na Henderson, na wenye mabenki, na kundi la mfanyabiashara, mwanasiasa na kasisi, na mwishowe kwa mateso. Katika kila jaribio anajifunza, na hadhira inajifunza pamoja naye, kutofautisha rafiki na kibaraka. Asiyejua wa kumlenga hana haja ya kujua namna ya kulenga. Pingamizi hili ni zito zaidi, na lazima likubaliwe kwa sehemu kubwa. Onyesho la msituni, ambamo Kimathi anawasamehe wasaliti akiwemo ndugu yake na msamaha huo ukawa chanzo cha kusalitiwa kwake, linathibitisha kwamba kosa la kumtambua adui linaua zaidi ya kosa la mkono.

Hata hivyo, elimu mbili hizi hazipingani. Katika onyesho hilo hilo la msituni nidhamu inasisitizwa kama msingi wa jeshi, na nidhamu ni nini kama si mazoezi yanayorudiwa hadi yawe tabia? Tamthilia inajua jambo hilo msituni, lakini inalisahau mjini. Kimathi anapewa miaka ya vita ili akomae. Mvulana na Msichana wanapewa siku chache na mkate mmoja.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba bastola ndogo ndiyo uzi unaoshona kesi ya Kimathi na safari ya vijana katika *Mzalendo Kimathi*. Kwa kuichagua silaha inayofichika, Ngũgĩ na Mugo waliufichua unafiki wa sheria iliyonyonga watu kwa kubeba, wakamrejeshea mwanamke nafasi yake katika historia ya ukombozi, na wakaonyesha jinsi uzito wa wajibu unavyoweza kuwakomaza wanyonge. Hayo ni mafanikio ambayo hayajapungua thamani tangu mwaka 1976.

Kwa upande mwingine, tamthilia imeruka somo la mkono. Kizazi cha wanafunzi wanaoisoma leo hakina vita vya msituni, lakini kina matarajio mengi ya mabadiliko, na kimezoea kuambiwa kwamba ari ndiyo kila kitu. Kwa kizazi hicho ni salama zaidi kuisoma *Mzalendo Kimathi* sambamba na *Kinjeketile* kuliko kuisoma peke yake. Tamthilia ya kwanza itawafundisha kwa nini mkate ule ubebwe. Ya pili itawakumbusha walioubeba bila kujiandaa, na idadi ya waliozikwa kwa sababu hiyo.